Yamaha DXS15: besi tunazobeba mimi na mpwa wangu kwenye harusi za Tanga

Nakodisha muziki hapa Tanga mjini mwaka wa 13 sasa, na kazi yangu kubwa ni shughuli za akina mama. Singo, kesha, kitchen party, usiku wa taarabu. Kwenye shughuli hizi mabuibui yanavuliwa mlangoni, nywele zinaachiwa, watu wanacheza watakavyo, na mwanamume hatakiwi ndani hata wa kushika waya. Ndiyo maana nina kazi. Na ndiyo maana kila chombo nakipima kwanza kwa swali moja: mimi na mpwa wangu wa miaka 22 tutakipandisha ngazi?

Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye Yamaha DXS15. Kabla yake nilikuwa na boksi la kuchongesha, spika mbili za inchi 18 ndani, na ampli yake pembeni. Sauti yake sina la kuisema vibaya, lilikuwa linagonga kifuani. Lakini lilitaka vijana wanne kulishusha kwenye kirikuu, na vijana wenyewe wanaishia mlangoni. Mara mbili boksi limebaki barazani huku ndani shughuli inaendelea kwa spika za juu peke yake. Mama mwenye harusi amelipa pesa ya besi, besi hakuisikia. Mara ya pili nilimrudishia sehemu ya pesa yake, na wiki ile ile nikalitangaza boksi kwamba linauzwa.

DXS15 mbili nilizipata mwaka 2023, zilizotumika, kwa mtu aliyekuwa anafunga ukumbi wake. Shilingi 2,800,000 zote mbili, na mifuko yake juu. Hili ni toleo la kwanza. Baadaye Yamaha walitoa DXS15mkII, hiyo sijaifanyia kazi kwa hiyo siisemei. Yangu ina spika moja ya inchi 15, ampli yake imo ndani, wati 950, na uzito kilo 36. Kilo 36 ni chini ya mfuko wa saruji. Ina masikio mawili ubavuni, mmoja huku mmoja huku, tunahesabu moja mbili tatu, juu. Ngazi za ghorofa ya pili tumezipanda nazo mara nyingi na mgongo wangu bado mzima.

Wateja wakisikia wati 950 wanakunja uso, kwa sababu sokoni wameona maboksi yameandikwa wati elfu tano ubavuni. Nawaambia waje wasikilize. Wati zilizoandikwa kwa rangi kubwa hazipigi muziki, na hata wati za kweli zinaweza kupotea zote ukumbini kama boksi limewekwa mahali pabaya. Hilo nimelijua kwa kulipitia, na ndilo litakalochukua nafasi kubwa hapa. Besi hizi ni nzuri, nazipenda, lakini usiku wa kwanza nilikaribia kuzirudisha kwa mwenyewe.

Niseme kwanza jina. Mimi nasema besi. Nikisema sabufa, wateja wangu wanafikiria ile ya sebuleni yenye redio na rimoti.

Sasa kuunganisha. Mikisa yangu ni Yamaha MG12XU, spika za juu ni DBR12 mbili. Njia ambayo wengi tunaanza nayo ni kutoa waya kwenye mikisa kwenda kwenye besi, halafu kutoka kwenye besi kwenda kwenye spika ya juu. Inafanya kazi, na kwa mtu anayepiga nyimbo za kompyuta tu inamtosha kabisa. Ila kwangu kuna maiki nne au tano zinazotembea mikononi mwa akina mama wasiojua maiki. Mmoja anaipigapiga kujua kama ipo hewani, mwingine anaiweka mezani ikiwa wazi, wa tatu anaivutia puani. Kila kishindo cha namna hiyo kikipita kwenye besi kinakuwa bomu. Bibi aliyekaa mbele na mjukuu mapajani anaruka.

Kwa hiyo mimi besi nazilisha kwa njia yake peke yake. Kwenye MG12XU kila chaneli ina kitufe cha ST, kinachopeleka sauti kwenye spika kuu, na kitufe cha 1-2, kinachopeleka kwenye group, yaani njia ya pili ya kutolea sauti. Gitaa la besi, kinanda na kompyuta nazibonyeza vyote viwili. Maiki zote nabonyeza ST tu. Halafu GROUP OUT 1 inakwenda INPUT ya besi ya kwanza, GROUP OUT 2 inakwenda INPUT ya besi ya pili, na STEREO OUT inakwenda kwenye DBR12. Matundu ya GROUP OUT ni ya jeki kubwa na besi inapokea XLR, ile plagi ya miguu mitatu, kwa hiyo unahitaji waya wenye jeki upande mmoja na XLR upande wa pili. Iwe jeki yenye mistari miwili myeusi, ile ya stereo. Ninazo nne, mbili za kazi na mbili za akiba, na nimezifunga utepe mwekundu zisichanganyike na nyingine.

Maiki ikitengwa na besi namna hii, sauti ya mwimbaji inakuwa safi mpaka unashangaa. Na juu ya hapo bonyeza kile kitufe cha kukata chini kwenye chaneli ya maiki, kile cha 80 Hz, yaani mitetemo 80 kwa sekunde. Hakuna mwanamke anayeimba huko chini. Kilichopo huko ni vishindo vya miguu na vidole vinavyosugua maiki.

Nyuma ya DXS15 kuna swichi ya X-OVER yenye 80, 100 na 120. Hiyo inaamua besi ipande mpaka wapi. Naiweka 100. Nyuma ya DBR12 kuna swichi ya HPF, ya kukata sauti za chini, yenye OFF, 100 na 120. Nayo naiweka 100. Hapo kila mmoja ana chumba chake: chini ya 100 Hz anafanya kazi besi, juu yake anafanya kazi spika ya juu. Nimekuta mafundi wengi wameacha HPF kwenye OFF, spika ya juu inahangaika kupiga besi ambayo mwenzake pale chini anaipiga kwa raha, na sauti za watu zinakuwa kama zimefunikwa blanketi. Ni swichi ndogo, kichwa cha kiberiti, lakini ukiigusa unasikia tofauti ukiwa umesimama mlangoni.

Ipo hatari moja kwenye njia yangu ya group, na lazima niiseme kwa sababu iliniumiza. Tulikuwa kwenye shughuli Chumbageni, jioni, msikiti uko nyumba tatu mbele. Adhana ya isha ikaanza. Nikavuta fada kuu, kile kitelezi cha sauti, chini kama ninavyofanya siku zote. Waimbaji wakapotea, kinanda kikapotea, na besi ikabaki inadunda peke yake: dum, dum, dum, juu ya adhana. Fada kuu haiamrishi GROUP OUT; group ina fada yake. Zilipita sekunde chache tu kabla sijaikumbuka, lakini somo wa bi harusi, mtu mzima mwenye heshima zake, aligeuka akanitazama, na mtazamo ule ninao mpaka leo. Siku hizi fada mbili zile zinashuka kwa vidole viwili vya mkono mmoja, na mpwa wangu nimemfundisha hilo kabla sijamfundisha kitu kingine chochote. Na kitufe cha ST pale kwenye group kiwe kimezimwa, maana kikiwaka, kinachotoka kwenye group kinajiunga tena na spika kuu na gitaa linaingia humo mara mbili.

Kuwasha: mikisa kwanza, besi mwisho. Kuzima: besi kwanza, mikisa mwisho. Ukikosea mpango utasikia kishindo, na koni ya spika ndiyo inayokibeba.

Sasa nije kwenye usiku ule wa kwanza. Ukumbi wa kawaida, mrefu, vigae chini, upana kama mita 12. Nikafanya kama nilivyoona kwa wakubwa: besi moja kulia kwa jukwaa, moja kushoto, spika za juu zimesimama juu yake kwenye mlingoti. Ilipendeza kwa macho. Kati ya besi na besi kulikuwa na mita 8 hivi. Bendi ikaanza. Pale katikati, kwenye njia anayopita bi harusi, besi ilikuwa nzito mpaka glasi za mezani zinatembea. Mita tatu na nusu pembeni ya njia ile, meza za shangazi na mama wakubwa, hakuna kitu. Gitaa la besi unaliona mtu analipiga, hulisikii. Mama mmoja akaja mpaka kwenye mikisa akaniambia, "Mwanangu, huku kwetu kavu." Nikaongeza. Katikati wakalalamika. Nikapunguza. Pembeni wakalalamika. Usiku mzima nilikuwa hivyo.

Nilidhani mashine moja mbovu. Siku ya pili nikarudi ukumbini kwa ruhusa ya mlinzi, nikapiga nyimbo moja ya singeli na kutembea. Kila ukipiga hatua besi inakuja, inaondoka, inakuja. Ndipo nilipochukua futi kamba. Mtu aliyekaa mita 10 kutoka jukwaani na mita tatu na nusu pembeni, besi ya upande wake iko mita 10 kutoka kwake, na ya upande wa pili iko mita 12 na nusu. Tofauti mita mbili na nusu. Sauti kwa joto letu la pwani inakwenda karibu mita 348 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la 70 Hz lina urefu wa mita 5 hivi. Mita mbili na nusu ni nusu yake kamili. Besi hii inasukuma hewa, ile ya pili wakati huo huo inavuta, na sikio la yule mama halipati kitu. Wala mashine hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinapigana zenyewe kwa zenyewe, na uwanja wa vita ni meza ya shangazi.

Dawa yake ni nyepesi mpaka inauma kwamba hakuna aliyeniambia mapema. Zitoe pembeni. Ziweke zote mbili pamoja, mbavu zinagusana, sehemu moja. Mimi naziweka sakafuni, katikati, mbele ya jukwaa, na akina mama wa mapambo wanazifunika kitambaa cha rangi ya sare pande zote isipokuwa mbele. Zikikaa pamoja zinakuwa kama besi moja kubwa. Kwa hesabu, mbili zikisukuma pamoja unapata nyongeza ya dB 6 (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti) juu ya moja, na sikio linakubali. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza ilibidi nirudishe nyuma LEVEL, ile ya kuongeza na kupunguza sauti ya besi, na ukumbi mzima ukapata kiasi kimoja, kuanzia meza ya kwanza mpaka kwa wapishi mlangoni.

Spika za juu zinabaki pembeni kwenye stendi zake. Hazidaiwi kukaa juu ya besi.

Jukwaa lenyewe kama ni la mbao na chini tupu, besi isipande juu yake. Jukwaa linageuka ngoma, stendi za maiki zinatetemeka, na unapata mngurumo usioujua unatoka wapi. Sakafu ya saruji ndiyo mahali pake.

Halafu ukuta. Mahali pengine katikati hapapatikani, kuna zulia la bi harusi au kuna kapu la zawadi, na besi inabidi iende nyuma. Hapo angalia umbali wake na ukuta. Mita moja na nusu kutoka ukutani ndiyo mahali pabaya kuliko pote, na ndipo watu wanapopenda kuweka kwa sababu pana nafasi ya kupita nyuma. Sauti ya besi haina mbele na nyuma kama ya maiki. Inazunguka boksi na kwenda kila upande. Inayokwenda nyuma inagonga ukuta na kurudi, imetembea mita tatu, na pale karibu na 58 Hz inakuta ya mbele imeshageuka. Zinauana. Na 58 Hz ndipo ulipo mdundo wa teke la ngoma za kinanda. Sukuma boksi mpaka lipishane na ukuta kwa upana wa kiganja tu, acha hewa kidogo ya kupooza ampli, na utasikia mdundo umerudi bila kugusa mikisa.

Kona inaongeza zaidi, kwa kuwa kuta mbili na sakafu zote zinarudisha sauti mbele. Kwenye ukumbi mkubwa wenye besi moja tu, kona imewahi kuniokoa. Kwenye sebule ya nyumba ya Ngamiani sithubutu. Chumba kinavimba, gitaa linakuwa noti moja tu, na wazee wanaokaa karibu na kona wanaumwa kichwa. Wazee na watoto wachanga nawaangalia kwanza, kabla ya kitu chochote. Nikikuta kiti cha bibi kimewekwa mbele ya besi, sianzi mpaka kihamishwe.

Nje, chini ya turubai, ni jambo jingine. Harusi za mtaani huku Ngamiani zinafanyika barabarani, kwenye zile barabara zetu za namba, turubai kutoka baraza hii mpaka baraza ile. Nje hakuna kuta za kusaidia na besi inapotea kwa haraka sana. Naziweka zote mbili migongo ukutani kwa nyumba ya mwenye shughuli mwenyewe. Iwe nyumba yake, kwa sababu hata aliye nyuma ya ukuta ule besi inamfikia. Niliwahi kuegemeza kwenye nyumba ya jirani, sikuuliza, na ndani alikuwemo mzee amelazwa. Mtoto wake alitoka akatuomba kwa upole mno, na upole ule ulinichoma kuliko angetukana. Siku hizi napita kwenye milango kabla ya kushusha vyombo, nauliza kuna mgonjwa, kuna mzazi, kuna mtoto wa mtihani. Ni dakika kumi.

Jambo la tatu ni waya, na hapa kosa ni la mkono wangu. Waya nachoma mwenyewe, kwa risasi na pasi ndogo, mezani kwangu. XLR ina miguu mitatu: wa 1 ni wa nyavu, wa 2 na wa 3 ndio wa sauti. Usiku mmoja nilikuwa nachoma wa mwisho, umeme ukakatika, nikamalizia kwa tochi ya simu. Waya mweupe nikaupeleka mguu wa 3 na mwekundu wa 2 upande mmoja, upande wa pili kinyume. Ukipima kwa mita kwa haraka unaona umeme unapita, unaona uko sawa. Jumamosi ile tulikuwa Muheza. Nikaweka besi zangu pamoja katikati, mbavu kwa mbavu kama nilivyojifunza, nikawasha, na hakuna besi. Taa zinawaka zote mbili. Koni zinacheza, ukiweka kiganja unazisikia zinapumua. Lakini ukumbini kama hazipo.

Mpwa wangu akazima moja aanze kuiunganisha upya. Ghafla besi ikajaa ukumbi. Moja imezimwa, na sauti imeongezeka! Akaiwasha, ikapotea. Akazima, ikarudi. Tukatazamana. Moja ilikuwa inasukuma na mwenziwe inavuta, na kwa kuwa zimegusana, zilikuwa zinafutana karibu zote. Swichi ya POLARITY iliyo nyuma ya DXS15 ikatuokoa usiku ule: nikaigeuza kwenye ile yenye waya mbovu, zikapatana, shughuli ikaendelea. Kesho yake nikaukata ule waya na kuuchoma upya mchana, dirishani. Ishara hiyo ishike mtu yeyote mwenye besi mbili: ukizima moja na sauti ikaongezeka, usitafute ubovu kwenye boksi, tafuta kwenye waya au kwenye swichi hiyo.

Swichi hiyo hiyo naitumia kila shughuli kwa kazi yake ya halali, kuzipatanisha besi na spika za juu. Besi ziko katikati sakafuni, spika za juu ziko pembeni mita kadhaa, kwa hiyo sauti zao hazifiki sikioni sawasawa. Pale zinapokutana, kwenye 100 Hz, zinaweza kusaidiana au kukatana. Nina programu kwenye simu inayotoa mlio wa Hz ninayotaka. Napiga 100. Mpwa wangu anakwenda kusimama katikati ya meza za wageni, mgongo kwangu, macho amefumba. Nageuza POLARITY za besi zote mbili, narudisha, nageuza tena, na yeye ananyoosha mkono pale sauti inapokuwa kubwa. Hapo ndipo tunapoacha. Haihitaji mashine ya kupimia. Ila lazima asimame kwenye viti vya wageni, kwa sababu jibu linalopatikana kwenye mikisa ni la aliyekaa kwenye mikisa.

D-XSUB, swichi ya kuchagua tabia ya besi, ina nafasi tatu. BOOST inanenepesha mdundo, XTENDED LF inashuka chini zaidi, NORMAL inaacha kama ilivyo. Kwa kompyuta na singeli ya vijana BOOST inafurahisha. Kwa taarabu ya bendi nakaa NORMAL na sibanduki. Hii ni Tanga. Black Star Musical Club ya hapa hapa ndio waliojulikana kwa kutia magitaa ya umeme na gitaa la besi kwenye taarabu miaka ya 1960, na wazee wetu wana masikio ya kulitambua gitaa lile noti kwa noti. Wanataka kulisikia linatembea, lisiwe mngurumo mmoja. DXS15 kwenye NORMAL inalipa gitaa heshima yake. XTENDED LF nimeijaribu chini ya paa la bati: misumari yote iliimba, nikairudisha.

Umeme sina mengi. Besi zinavuta kwa mapigo, na ekstensheni nyembamba inazinyima. Natumia waya mnene wa 2.5 mm², mfupi iwezekanavyo, na vyombo vyote vinachukua umeme sehemu moja, mikisa na besi na kompyuta, ili kusiwe na ule mlio wa chini unaong'ang'ania. Nimeona watu wanakata mguu wa ethi kwenye plagi ili mlio uishe. Tafadhali usifanye hivyo. Mikono inayoshika maiki hizi ina hina mbichi na jasho, na chini kumemwagika sharubati.

DXS15 haifai kwa nani? Kwa uwanja. Mkutano wa hadhara, tamasha la singeli uwanja wa mpira, besi mbili za inchi 15 zitawaka taa ya LIMIT, ile inayosema boksi limefika mwisho wa nguvu zake, usiku kucha na bado watu wa nyuma hawatasikia. Na waya mnene wa gitaa la besi unapiga 41 Hz, chini sana. Boksi la inchi 15 halitakupa huko kile kishindo cha boksi langu la zamani. Mwenye vijana wanne na lori, anunue inchi 18. Kwa ukumbi wa watu 250, kwa sebule, kwa turubai la mtaani, hizi mbili zikikaa pamoja hazijawahi kuniangusha. Taa ya LIMIT ikiwaka mara moja moja siogopi. Ikikaa inawaka, napunguza, hata MC akininong'oneza niongeze.

Kwa miaka miwili nimezifanyia vitu viwili tu. Nimechongesha kibao chenye magurudumu manne, cha kuzisukuma kwenye vigae, na nimeandika kwa rangi nyeupe A na B migongoni, ili waya wa A uende A siku zote. Jumamosi inayokuja tuko Pangani, ukumbi ambao sijaukanyaga. Nimemwomba mwenye shughuli anipigie picha ya jukwaa na anipimie kwa hatua, kutoka ukutani mpaka kiti cha bi harusi. Ameniuliza vya nini. Nimemwambia nataka shangazi zake wote wasikie gitaa.